Usuli wa mhusika mkuu: anzia kwenye kilele, rudi nyuma

Usianzie siku aliyozaliwa. Anzia uamuzi mgumu kuliko yote atakaoufanya kwenye kilele cha riwaya, kisha rudi nyuma utafute kilichomfanya awe mtu wa kuamua hivyo.

Tuseme ni Mtwara, mwaka 2012. Somoe, karani wa chama cha msingi cha korosho, ameona kilo zinazoandikwa kwenye stakabadhi ni pungufu ya zilizopimwa, naye amenyamaza. Kwenye kilele atasimama mbele ya mkutano mkuu: aseme au asiseme? Jiulize kwa nini ananyamaza. Jibu la kwanza, kwamba anaogopa kufukuzwa kazi, liweke kando. Hilo lingemfaa karani yeyote. Uliza tena mpaka upate linalomhusu yeye peke yake. Mwaka 1974, Somoe akiwa na miaka sita, baba yake alibisha kuhamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwa nguvu kwenye vijiji vya ujamaa. Nyumba ikavunjwa, mikorosho ikabaki mbali porini, na hadi anakufa, mama alimlaumu baba kwa kutofunga mdomo. Somoe akashika kwamba anayesema ndiye huwaponza wenzake. Hiyo ndiyo imani ambayo riwaya nzima itaitikisa.

Ongeza matukio mawili tu: moja lililoithibitisha imani hiyo, na moja lililokaribia kuivunja. Yote yaenee kurasa mbili. Misiba ikizidi, msomaji huacha kumwonea huruma mhusika na kuanza kumshuku mwandishi.

Kisha chora safu tatu: mwaka, umri wake, na yaliyokuwa yakitokea nchini. Hapa ndipo miswada mingi huumbuka. Mzaliwa wa 1968 hawezi kuikumbuka siku ya Muungano ya mwaka 1964, wala Somoe hawezi kukaa kijijini kwao mwaka 1985 akitazama taarifa ya habari kwenye televisheni. Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1994. (Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya sabini, kwa hiyo mhusika wa Unguja ana utoto mwingine.)

Sura ya kwanza ibebe dalili tu: akiulizwa mbele za watu, Somoe hujifanya anapekua daftari. Mbinu rejeshi (sehemu inayomrudisha msomaji nyuma) ya 1974 isubiri mpaka msomaji awe ameshajiuliza ana nini huyu. Ikitangulia, inasomwa kama maelezo yasiyo na kazi.

Mwisho lijaribu kila tukio: lifute, kisha soma kilele. Kama uamuzi wa Somoe unaeleweka vilevile, tukio hilo libaki kwenye daftari lako.