Kuchagua ontolojia ya usalama wa mtandao: anza na tukio lako mwenyewe

Kazi yangu ni kulinda mifumo ya chama cha akiba na mikopo chenye matawi manne. Ontolojia, yaani ramani ya dhana na uhusiano wake iliyoandikwa ili kompyuta iweze kuisoma, niliitafuta baada ya karani mmoja kufungua kiambatisho kilichojidai ni ankara. Siku tatu baadaye, saa nane usiku, akaunti yake ikaingia kwenye mfumo wa mikopo. Kuunganisha ile barua pepe, kompyuta, akaunti na mkopo kulinila wiki nzima, maana kila mfumo wetu una majina yake.

Kabla hujapakua chochote, andika maswali. Mimi niliandika saba kwenye daftari. Nywila iliyoibiwa kwenye kompyuta hii inafungua mifumo gani mingine? Kinga gani ingemzuia huyu mtu kabla ya usiku ule? Mkopo gani uliidhinishwa na akaunti iliyotekwa? Maswali hayo ndiyo mizani yako. Sifa zilizoandikwa na wenye ontolojia usizihesabu.

Kisha jiulize umeshika nini. CVE, iliyoanza 1999, ni orodha ya udhaifu uliopewa namba. ATT&CK ya MITRE, shirika la utafiti la Marekani lisilo la faida, ni mkusanyo wa mbinu za wavamizi: tukio langu ni T1566 (ulaghai wa ujumbe, yaani phishing) likifuatwa na T1078 (kutumia akaunti halali). STIX 2.1, kiwango cha OASIS, shirika la viwango, tangu 2021, ni muundo wa kupashana habari za vitisho kwa JSON, mtindo wa kuandika data kama maandishi. Vyote navitumia, ila ukitaka kompyuta yenyewe igundue uhusiano ambao hukuuandika, tafuta kilichotungwa kwa OWL, lugha ya kuandika ontolojia kwa kanuni za mantiki.

Na vifupisho uviogope. UCO ziko mbili! Unified Cybersecurity Ontology ilitoka 2016 kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, ili kuunganisha data za vitisho na udhaifu. Unified Cyber Ontology ni nyingine kabisa: ndiyo msingi wa CASE, ontolojia ya uchunguzi wa kidijitali, na nguvu yake ni uchunguzi, yaani ushahidi ulipatikana wapi, kwa chombo gani, ukapita mikononi mwa nani. Nilisoma makala ya moja nikapakua faili za nyingine, nikashinda siku mbili nikisaka darasa (yaani aina ya vitu, kama akaunti au faili) ambalo halikuwamo. Usinicheke.

Mimi niliishia kwa D3FEND, ontolojia ya kinga ambayo MITRE waliitoa 2021 kwa ufadhili wa NSA, shirika la usalama la Marekani. Kilichonivuta ni jinsi inavyofunga mbinu ya mvamizi na kinga yake kupitia kile kinachoguswa: faili, akaunti, mchakato. Swali langu la pili linajibiwa humo.

Jaribio lenyewe hufanyika kwa Protégé, programu ya kufungua na kuhariri ontolojia, ambayo ni bure. Fungua ontolojia, washa HermiT, kifaa chake cha kukagua mantiki, nenda kanywe chai kama faili ni kubwa. Madarasa yakigeuka mekundu, mantiki inajipinga mahali. Halafu ingiza tukio lako kwa mkono, kitu kimoja kimoja, na uyaulize maswali yako kwa SPARQL, lugha ya kuuliza data za aina hii. Yangu matano kati ya saba yalijibika. Mawili yaliyobaki yalihusu mkopo na tawi, mambo ambayo D3FEND haikutungwa kuyajua.

Leseni na tarehe ya toleo la mwisho utazikagua kwa dakika tano. Usiruke maelezo ya madarasa, kwani hapo ndipo watu hupishana. Mpe mwenzako madarasa kumi, kila mmoja apange matukio yaleyale peke yake, kisha mlinganishe. Sisi tulipishana katika manne, karibu yote yakihusu mpaka kati ya akaunti na mtu anayeitumia. Bora mbishane leo kuliko usiku wa tukio.

Ukikuta pengo, usichokoe faili ya wenyewe. Tengeneza faili yako, ipe anwani yake ya majina, iagize ontolojia kubwa ndani yake, na madarasa yako uyaweke humo. Yangu ni kumi na moja, kuanzia mkopo hadi wakala. Andika pia namba ya toleo uliloagiza. Likitoka jipya, rudisha yale maswali saba kabla ya kuhamia.