Kupita Mlango Mtakatifu wa Papa Celestino V

Fika L'Aquila, Italia, tarehe 28 Agosti. Mlango Mtakatifu wa basilika ya Santa Maria di Collemaggio hufunguliwa jioni hiyo na kufungwa jioni ya tarehe 29. Ukienda asubuhi ya kwanza utaukuta umefungwa. Usiutafute mbele, uko ubavuni mwa kanisa.

Anayeupita hutafuta rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu ya dhambi zake. Lakini kupita tu hakutoshi, na hapo ndipo wengi hukosea. Hati ya Celestino ya 1294, iliyotoa rehema hiyo, inataka toba ya kweli na kitubio. Haitaki fedha, na huo ndio uzuri wake mkubwa. Basi ungama kwanza, ndipo uingie.

Ndani, tafuta kaburi la Celestino. Hapo Papa Benedict XVI aliacha paliamu yake (ukanda wa sufu anaovaa papa mabegani) Aprili 2009, baada ya tetemeko la ardhi mjini humo. Mwaka 2013 naye akajiuzulu, kama Celestino.