Namna ya Kuipima Saa ya Kazi ya Bei Nafuu Kabla Hujaizoea Mkononi

Saa ninayoizungumzia hapa ni ile ya mkono isiyo na mapambo: uso mweusi au wa rangi ya majani makavu, tarakimu kubwa kuanzia 1 hadi 12, mishale inayosomeka kwa kutupiwa jicho mara moja, na mkanda wa nailoni au wa ngozi. Asili yake ni jeshini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani iliwapa askari wake saa zilizotengenezwa kwa kipimo kilichoitwa A-11, na Uingereza nayo ikaagiza saa za namna hiyo kutoka kwa watengenezaji 12. Siku hizi wauzaji hupenda kuliandika neno la kijeshi usoni mwa saa ambayo haijawahi kukanyaga kambi, na kwa kuwa neno hilo halizuii maji wala vumbi, tutaliacha lilipo. Tutaangalia yale ambayo mnunuzi anaweza kuyapima mwenyewe, dukani kwa robo saa na nyumbani kwa siku 7.

Mimi ni fundi saa, na meza yangu iko Ngamiani, Tanga. Katika saa ninazoletewa zikiwa zimekufa, ni chache zilizouawa na kuanguka. Nyingi zimeingiwa na maji au jasho kupitia mfuniko wa nyuma au kupitia ufunguo, yaani kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira. Ndiyo maana utaniona nimekaa sana katika hatua fulani na nyingine nimezipitia mbio.

Hatua ya 1: Isome saa mgongoni

Kabla hujausifu uso wake, igeuze. Mgongoni kukiandikwa STAINLESS STEEL BACK, maana yake ni kwamba mfuniko peke yake ndio wa chuma cha pua, na mwili wa saa ni wa shaba nyeupe au madini mengine laini yaliyopakwa rangi ya chuma. Mara nyingine hukiri waziwazi kwa maneno BASE METAL. Saa ya namna hiyo si lazima iwe mbaya, ila jasho la pwani hulila lile pako kuanzia chini, pale ambapo masikio yanayoshika mkanda hugusa ngozi, na baada ya muda utaona ukijani. Anayefanya kazi za jasho atafute saa ambayo mwili wake wote ni wa chuma cha pua, au basi achukue ya plastiki ngumu, ambayo jasho haliidhuru.

Hapohapo tafuta kipimo cha maji. Mita 30 ni kipimo cha mvua na kunawa mikono, basi. Mita 50 huvumilia kuoga na kuogelea kidogo. Mita 100, ambayo pengine huandikwa 10 BAR, ndiyo ya mtu anayeingia baharini mara kwa mara. Idadi hiyo ya mita hutokana na kuikandamiza saa mpya kwa shinikizo tulivu la maabara. Haisemi mkono unaopiga maji unaweza kushuka hadi wapi. Nilijifunza hayo nikiwa kijana, niliporuka majini Raskazone na saa ya mita 30 nikijiambia kwamba sitazama hata mita 3. Kufika magharibi kioo kilikuwa kimeota ukungu kwa ndani, na siku ya tatu mshale wa sekunde ulikuwa umeshika kutu na kusimama.

Hatua ya 2: Ukubwa na usomekaji

Zungushia uzi kwenye kifundo cha mkono, kisha upime kwa rula. Kwa mkono wa sentimita 16 au 17, saa yenye upana wa milimita 36 hadi 40 hukaa vizuri. Muhimu kuliko upana ni umbali kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini: ncha hizo zikining'inia nje ya mkono, saa itakwama kwenye mikono ya shati na itagonga kila mlango.

Kuhusu kusoma, sisi tuna jambo letu. Mshale ukiwa kwenye 7 tunasema ni saa moja, na jicho limekwisha kuzoea kurukia upande wa pili wa uso bila kuombwa. Saa nyingi za aina hii zina duara la pili la tarakimu 13 hadi 24. Muuguzi anayejaza majedwali ya saa 24 atalishukuru, lakini likichapwa kwa wino mzito sawa na wa duara kuu, msomaji wa Kiswahili anabaki na hesabu tatu zinazogombania uso mmoja. Citizen BM8180, ya milimita 37 inayojichaji kwa mwanga, ina duara hilo kwa herufi ndogo za ndani, na halisumbui.

Hatua ya 3: Ufunguo

Usiikimbilie hatua hii hata muuzaji akikuharakisha. Vuta ufunguo kwa kucha, taratibu. Kwenye saa yenye tarehe utakutana na vituo viwili: kwa kawaida cha kwanza hubadilisha tarehe na cha pili huzungusha mishale. Kila kituo kinapaswa kusikika kidoleni kama kitasa kinachojifunga. Ukishauvuta hadi mwisho, usukume juu na chini kwa ncha ya kidole. Kucheza kidogo ni kawaida, lakini ukiyumba kama jino la mtoto lililokaribia kung'oka, mashaka yako yaanzie hapo, kwa sababu raba inayoziba maji inakaa kwenye shingo hiyohiyo.

Sasa zungusha mishale hadi ule wa dakika ufike kwenye 12 hasa, kisha utazame ule wa saa. Unapaswa kuelekea katikati ya tarakimu yake; ukiwa umepita au haujafika kwa kiasi kinachoonekana, mishale ilifungwa kwa haraka kiwandani, na aliyeharakisha hapo huenda aliharakisha na kwingine usikokuona. Kwa saa ya betri, tazama pia kama mshale wa sekunde unatua juu ya alama zake au unatua kando. Kutua kando hakuharibu majira, ila ukishakuona utakuona kila siku.

Kabla ya kujaribu tarehe, peleka kwanza mshale wa saa chini kwenye 6. Meno ya tarehe huwa yameshikana kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, na kuilazimisha tarehe wakati huo huweza kuyavunja. Mshale ukiwa kwenye 6 uko salama, iwe ni alfajiri au jioni.

Angalia pia kama mshale wa sekunde unasimama ufunguo unapovutwa. Saa za A-11 zilitakiwa kufanya hivyo ili askari waoanishe majira yao kwa sekunde. Seiko 5 za zamani zenye mashine ya 7S26, ambazo ni otomatiki, yaani hujijaza kwa mwendo wa mkono bila betri, hazisimami na wala hazijazwi kwa kuzungusha ufunguo. Zenye mashine ya 4R36 hufanya yote mawili. Kutosimama kwa 7S26 si ubovu, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa bei ya 4R36.

Mwisho, rudisha ufunguo ndani, uvae saa, na ukunje kiganja kuelekea nyuma. Ufunguo ukichoma mgongo wa mkono, utachoma kila siku. Seiko waliliona hilo tangu Seiko 5 ya kwanza ya 1963, wakauzamisha ufunguo penye tarakimu 4.

Hatua ya 4: Kioo na mkanda

Mchanga una ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kioo cha madini cha saa nyingi nafuu hakifiki hapo, na yakuti ya kutengenezwa ina 9. Kwa hiyo kioo cha madini kitapata mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo haifutiki kwa urahisi. Kioo cha plastiki hukwaruzika upesi zaidi, lakini huweza kung'arishwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Saa ya bei ya chini kabisa ikidai kwamba kioo chake ni yakuti, usilipie dai hilo.

Mkanda wenyewe si kitu cha kukuzuia kununua, kwani hubadilishwa. Pima nafasi kati ya masikio: milimita 18 au 20 ina mikanda kila mahali, vipimo visivyo vya kawaida vitakutesa. Mimi huwapendekezea madereva wa bodaboda mkanda mmoja wa nailoni unaopita chini ya saa na kushikwa na pini zote mbili, maana pini moja ikikatika barabarani saa hubaki mkononi.

Hatua ya 5: Usiku wa kwanza

Imulike saa kwa tochi ya simu kwa dakika moja, iweke kando ya kitanda, na utazame tena ukiamka alfajiri. Rangi ya saa nafuu huwaka sana kwa dakika chache kisha huzimika. Iliyo nzuri huwa hafifu alfajiri, lakini mishale bado huonekana kwa jicho lililozoea giza. Sikiliza pia. Timex Expedition Scout ina taa nzuri ya kubonyeza, ila mlio wake husikika chumba kizima, na wapo walioirudisha kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 6: Tone la maji

Jaribio hili hufanana na la maabara. Iache saa kwenye jua la dirishani hadi mwili wake uwe na joto la kugusika, si la kuunguza, kisha udondoshe tone la maji ya baridi katikati ya kioo. Subiri dakika moja, ufute. Ukungu ukibaki chini ya kioo, ndani kuna unyevu, na saa hiyo irudi dukani leo, si kesho.

Hatua ya 7: Siku saba za kuandika

Oanisha saa na simu iliyoko kwenye mtandao, kisha kila siku, wakati uleule, andika imezidi au imepungua sekunde ngapi. Saa ya betri ikihitilafiana na simu zaidi ya sekunde 5 kwa wiki, imevuka mpaka wa kawaida wa sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi. Otomatiki ni habari nyingine: Seiko yenyewe huiruhusu 4R36 kuzidi hadi sekunde 45 au kupungua hadi 35 kwa siku. Kinachonivutia mimi ni utulivu wake. Otomatiki inayozidi sekunde 14, 15, 13 na 15 ni nzuri, kwani fundi huirekebisha kwa dakika chache. Inayozidi 3 leo, kupungua 20 kesho, na kuzidi 11 keshokutwa ina tatizo ambalo marekebisho hayaliondoi. Ikianza ghafla kukimbia kwa dakika nzima, fungua dira ya simu na uisogeze saa karibu. Sindano ikigeuka kwa nguvu, saa imeshika sumaku, pengine ya spika au ya kasha la simu, na kuiondoa ni kazi ndogo.

Hatua ya 8: Muulize fundi kabla ya betri ya kwanza

Saa nyingi za betri za Kijapani, betri ikikaribia kwisha, mshale wa sekunde huanza kuruka sekunde 2 kwa pamoja. Usingoje isimame. Hapa lazima niwaseme wenzangu, kwa sababu saa nyingi za mita 100 huingia maji baada ya betri ya kwanza kubadilishwa, pale mfuniko ulipofungwa juu ya raba kavu, iliyopinda au yenye uchafu. Mwombe fundi akuonyeshe ile raba kabla hajafunga: iwe laini, isiwe na ufa, na iwe imepakwa grisi ya silikoni kidogo tu, kiasi cha kung'aa. Akisema hana grisi hiyo, mwambie aurudishe mfuniko kama ulivyokuwa, uende meza ya pili.