Watu watano nyumbani kwa maili: kutoka Marekani hadi Dar es Salaam au Nairobi

Mwongozo huu ni wa familia inayoishi Marekani: baba, mama na watoto watatu, mdogo wao bado hajatimiza miaka 2. Wanataka kwenda nyumbani shule zikifungwa, Juni au Desemba, na huo ndio wakati nauli zinapopaa. Msafiri mmoja akiwa na maili (pointi za shirika la ndege zinazolipia tiketi) anajiamulia. Familia ya watu watano inahitaji viti vinne ndani ya ndege moja, mdogo akipakatwa, na hapo ndipo mipango mingi inapovunjika. Kwa hiyo shika utaratibu huu: viti kwanza, kuhamisha pointi mwisho. Anza kujiandaa miezi 15 hadi 18 kabla ya safari.

Hatua ya 1: Angalia deni kabla ya kadi

Riba za kadi za mkopo Marekani mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mwaka. Ukibeba deni la dola 4,000 kwa riba ya asilimia 24, mwezi mmoja unakugharimu kama dola 80. Matumizi hayohayo ya dola 4,000, kwa pointi moja kila dola, yanakupa pointi 4,000 ambazo thamani yake ni dola 40, au 80 ukizitumia vizuri sana. Mwezi mmoja wa riba umemeza faida yote. Kama huwezi kulipa salio lote kila mwezi, ahirisha jambo hili hadi uweze.

Ukishapata kadi, weka malipo ya kujilipa yenyewe, na uchague salio lote la taarifa ya mwezi. Usichague kiwango cha chini. Kwa Mwislamu anayejiepusha na riba, mkataba wenyewe una kipengele cha riba hata kama hutailipa kamwe, kwa hiyo mwulize shehe unayemwamini kabla ya kujaza fomu.

Hatua ya 2: Chagua pointi zinazohamishika

Kadi yenye jina la shirika moja la ndege inakufunga kwa shirika hilo na washirika wake. Pointi za benki (Chase, American Express, Capital One, Citi) zinakaa benki hadi siku utakapoona viti, kisha unazihamishia kwenye shirika lenye viti hivyo. Kwa familia, uhuru huo una thamani kuliko pointi chache za ziada.

Kwa safari za Afrika Mashariki, programu mbili zinafaa kujuliwa mapema kwa sababu Chase, American Express na Capital One zote huhamisha kwao moja kwa moja. Ya kwanza ni Flying Blue ya Air France na KLM, inayopitia Paris au Amsterdam. Ya pili ni Aeroplan ya Air Canada, inayoweza kukata tiketi za Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, kwa kuwa mashirika yote mawili yamo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege. Aeroplan haiongezi ada ya mafuta kwenye tiketi hizo. Turkish Airlines kupitia Istanbul ni njia ya tatu, na pointi za Capital One na Citi zinafika huko.

Hatua ya 3: Kadi mbili kwa watu wawili

Pointi nyingi hutoka kwenye bonasi ya kujiunga. Manunuzi ya kila siku huchangia kidogo. Kumwongeza mwenzi wako kama mtumiaji wa ziada kwenye kadi yako hakuleti bonasi ya pili. Kila mmoja aombe kadi yake, na wa kwanza akishaipata amtumie mwenzake kiungo cha mwaliko, maana mara nyingi mwalikaji naye hupewa pointi. Ombeni kwa zamu, mmoja amalize masharti ndipo mwingine aanze. Kama mnafikiria kadi za Chase, zianzeni hizo: benki hiyo inajulikana kwa kukataa maombi ya mtu aliyefungua kadi 5 au zaidi ndani ya miezi 24.

Bonasi ina sharti la matumizi, kwa mfano dola 4,000 au 5,000 ndani ya miezi 3. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ombi lilipokubaliwa. Watu wengi huhesabu tangu siku kadi ilipofika kwa posta, na siku kumi zilizopotea hapo zimewanyima bonasi. Panga ombi lako karibu na malipo makubwa unayoyajua: bima ya gari ya miezi sita, ada ya chekechea, matairi.

Kosa linaloumiza zaidi watu wetu ni kutuma fedha nyumbani kwa kadi ya mkopo ili kufikia kiwango. Benki nyingi huhesabu muamala huo kama kuchukua fedha taslimu. Unatozwa ada papo hapo, riba inaanza siku hiyohiyo, hupati pointi hata moja na kiasi hicho hakihesabiwi kwenye sharti. Ada ya mwaka ya kadi nayo haihesabiwi. Endelea kutuma fedha kutoka akaunti yako ya benki.

Fanya hesabu bila kujidanganya. Bonasi mbili za pointi 60,000 pamoja na matumizi ya dola 10,000 zinaleta takribani 130,000. Hazitoshi watu watano kwenda na kurudi. Zinaweza kutosha mmoja, pengine wawili ofa ikiwa nzuri. Ndiyo maana ya ile miezi 18, na ndiyo maana familia nyingi huchanganya: viti viwili kwa maili, viwili kwa fedha, ndege moja.

Hatua ya 4: Fungua akaunti za maili, na uandike majina sawasawa

Fungulia kila mmoja akaunti, hata mtoto, ni bure. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti ya kusafiria. Hapa majina matatu ya kwetu huleta taabu: pasipoti ina jina la babu, kadi ya ukaazi imeliacha, benki imelibana katikati. Benki huhamishia pointi kwenye akaunti yenye jina la mwenye kadi, na majina yakitofautiana uhamisho hukwama. Rekebisha sasa, kwa sababu marekebisho yanaweza kuchukua wiki.

Huhitaji kuunganisha maili za familia ili kuwakatia tiketi. Akaunti moja ya baba au mama inaweza kukata tiketi ya mtu yeyote. Kuunganisha kunasaidia pale maili zimetawanyika: Flying Blue inaruhusu kundi la watu wazima 2 na watoto hadi 6, Aeroplan hadi watu 8. Upande wa benki, Chase inaruhusu kuunganisha pointi na mtu mmoja wa nyumba moja. American Express haiunganishi, ila unaweza kuhamishia pointi zako kwenye akaunti ya ndege ya mtumiaji wako wa ziada aliyekaa kwenye kadi angalau siku 90.

Hatua ya 5: Tafuta viti

Mashirika mengi hufungua viti siku 330 hadi 360 kabla ya safari. Kwa Desemba, hiyo ni Januari. Weka ukumbusho kwenye simu, na kumbuka kwamba viti vya kurudi hufunguka baadaye kuliko vya kwenda.

Tafuta kwanza ukiweka abiria 4 wenye viti, kwa kuwa kichanga anapakatwa. Andika bei ya kila mtu. Kisha tafuta abiria 2. Mara nyingi shirika lina viti viwili vya bei ya chini na vingine vya bei ya juu, na ukiomba vinne kwa pamoja mfumo unawatoza wote bei ya juu. Ukiona tofauti hiyo, gawanya: baba na mtoto mmoja tiketi moja, mama na mwingine tiketi ya pili. Usimweke mtoto peke yake kwenye tiketi. Baada ya kukata, piga simu shirika linalorusha ndege uombe waandike kwamba tiketi hizo ni za familia moja.

Jaribu Jumanne na Jumatano, na jaribu viwanja vingine. Ethiopian huruka kutoka Washington, Chicago na miji mingine, na anayeishi Ohio au Minnesota anaweza kufika huko kwa tiketi hiyohiyo moja ya maili. Jaribu pia Kilimanjaro badala ya Dar es Salaam kama ndugu wako kaskazini.

Kuna viti hewa: tovuti inaonyesha kiti, ukibofya kulipa kinatoweka. Kwa ndege za Ethiopian, linganisha tovuti ya Aeroplan na ya United. Kikionekana kote kuwili, kuna uwezekano mkubwa kwamba kipo kweli.

Hatua ya 6: Pima kama inafaa

Chukua nauli ya fedha, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia maili, gawanya kwa idadi ya maili. Mfano: nauli dola 1,700, kodi na ada dola 250, maili 75,000. Dola 1,450 gawanya kwa 75,000 ni senti 1.93 kwa maili. Vizuri. Ikishuka chini ya senti 1, lipa fedha na utunze pointi. Angalia ada kwa macho mawili: tiketi za maili za British Airways na Emirates mara nyingi hubeba ada kubwa, na dola 400 mara watu wanne si tiketi ya bure tena.

Kwenye ndege za Air France na KLM, Flying Blue hupunguza maili kwa asilimia 25 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 11. Watoto wawili tayari wamekuokolea nusu tiketi. Hakikisha umeweka umri wao unapotafuta, la sivyo bei itatoka ya mtu mzima.

Hatua ya 7: Mtoto anayepakatwa

Wazazi hudhani hana gharama. Ndani ya Marekani ni kweli. Safari za nje sivyo. Mashirika makubwa ya Marekani hutoza asilimia 10 ya nauli ya fedha ya mtu mzima pamoja na kodi, hata kama wewe umelipa kwa maili. Daraja la kawaida ni mzigo unaobebeka. Daraja la biashara lenye nauli ya dola 7,000, hiyo ni dola 700 za kumpakata mwanao. Aeroplan hutoza ada ndogo isiyobadilika, na hilo peke yake linaweza kuamua upitie programu ipi.

Akitimiza miaka 2 mkiwa nyumbani, anahitaji kiti chake wakati wa kurudi. Kikate leo. Na uombe kitanda cha kichanga kwa simu kwa shirika linalorusha ndege, kwa sababu ni vichache.

Hatua ya 8: Hamisha, kata, hakiki

Ukishaona viti, hamisha kiasi unachohitaji tu. Uhamisho haurudi nyuma. Flying Blue na Aeroplan kwa kawaida hupokea papo hapo, mengine huchukua siku kadhaa na viti huondoka. Kata mara moja. Kisha tafuta kwenye barua pepe namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Ukiona herufi sita za uhifadhi peke yake bila namba hiyo, tiketi haijatoka. Piga simu siku hiyohiyo.

Jihadhari na tiketi mbili tofauti kwa safari moja. Ukikata ya kwanza hadi Amsterdam na ya pili kutoka Amsterdam, unaweza kulazimika kutoka kuchukua mizigo na kuikabidhi upya. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya hapo anahitaji viza ya Schengen, na kadi ya ukaazi ya Marekani haiiondoi. Viza hiyohiyo itahitajika ukitaka kupumzika Paris siku tatu kwa kituo cha bure cha Flying Blue, yaani kukatiza safari njiani bila kuongeza maili.

Hatua ya 9: Faida za kadi

Lipa kodi na ada kwa kadi yenye bima ya safari. Chase Sapphire Preferred, kwa mfano, hulipa hadi dola 500 kwa tiketi kwa hoteli, chakula na dawa ndege ikichelewa zaidi ya saa 12 au ikiwalazimu kulala njiani. Mkilala Addis Ababa na kichanga, fedha hizo ni chakula na nepi. Dai hukataliwa kwa kukosa karatasi: omba uwanjani barua ya shirika yenye sababu ya kuchelewa, tunza kila risiti.

Begi la bure la kadi ya shirika, kama ya United, haliendi nawe kwenye ndege inayorushwa na Ethiopian. Soma mzigo ulioandikwa kwenye tiketi yenyewe kabla ya kununua zawadi.

Launji (ukumbi wa kupumzikia uwanjani): soma idadi ya wageni wanaoingia na mwenye kadi, kwani benki zimekuwa zikiipunguza. Kadi kadhaa hurudisha dola 120 za Global Entry, mpango wa kupita uhamiaji haraka unapoingia Marekani. Mwenye kadi ya ukaazi anastahili kuomba, kila mtoto anahitaji usajili wake, na walio chini ya miaka 18 hawalipi mzazi akiwa mwanachama au akiomba pamoja nao.

Tenga fedha taslimu kwa yale ambayo maili hazilipi. Mtoto anayeingia Tanzania kwa pasipoti ya Marekani hulipa viza dola 100. Anayeshukia Zanzibar akiwa mgeni analazimika kununua bima ya huko, dola 44 kwa mtu mzima tangu Oktoba 2024, na bima ya kadi haikubaliwi badala yake.

Kuanzia hapo fungua uhifadhi wako mara moja kwa mwezi. Shirika likibadilisha saa kiasi cha kukufanya uikose ndege ya kuunganisha, una haki ya kuomba ndege nyingine bila kulipa, na anayepiga simu mapema ndiye anayepata viti vinne pamoja.