Jinsi ya kufundisha historia Gredi ya 7 hadi 9 bila kusomea watoto noti

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa Gredi ya 7, watoto 64 ndani ya darasa moja, na siku moja tukafika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Nikaandika noti ubao mzima, nikafuta, nikaandika tena, watoto wananakili kimya kabisa na mimi nikadhani kimya ni kuelewa. Karibu kengele ilie msichana wa dawati la nyuma akainua mkono, "Mwalimu, huyu Mumia ndio ule mji wa miwa?" Sisi tuko huku upande wa Muhoroni, miwa tunaijua, na jina Mumias wanaliskia kila siku makanga wakiita abiria. Kumbe tumejaza kurasa mbili na hakuna hata mmoja alikuwa ameambiwa kwamba ule mji umebeba jina la mtu, na huyo mtu ndio tunamwandika hapa. Swali lake lilikuwa zuri kuliko noti zangu zote na ndio lilipaswa kufungua lesoni, si kuifunga.

Tangu hapo nafuata mpangilio mmoja tu, mtoto ashike kitu kwanza, aulize swali pili, halafu miaka na majina magumu yaje mwisho yakiwa na mahali pa kukaa. Ushauri wa "fanya somo livutie" tumeupata kwa kila semina lakini haukuambii Jumatatu asubuhi uingie na nini mkononi, kwa hivyo wacha nieleze lesoni zenyewe vile nazifanya.

Tuanze na kengele. Shule nyingi za huku kengele ni kipande cha reli kimening'inizwa kwa mti na kinagongwa na chuma kingine. Siku ya kuanza mada ya ukoloni siingii na mkutano wa Berlin, ule mataifa ya Ulaya yalikaa kugawana Afrika, nawatoa nje wote wasimame chini ya huo mti, nawaambia kila kikundi kije kishike, kipime uzito, kiangalie ubavuni kama kuna herufi ama nambari (reli nyingi hupigwa chapa ya kiwanda na mwaka, ukisugua kutu na majani makavu unaeza kuiona). Halafu nauliza maswali manne na nanyamaza: hiki ni nini, kilitoka wapi, nani alikibeba, na alikuwa anatafuta nini huku kwetu? Hapo kunyamaza ndio kazi ngumu zaidi ya mwalimu, hesabu hadi ishirini kimoyomoyo kabla hujajijibu mwenyewe, kuna mtoto ataongea tu. Mwaka jana kijana mmoja alijaribu kukiinua akashindwa, akasema, "Na hii ni kipande kidogo, walibebaje zile ndefu?" Darasa lote likaanza kubishana kuhusu punda, watu na treni yenyewe, na jibu kwamba treni ilikuwa inabeba reli zake mbele ikitembea juu ya zile zimeshalazwa lilitoka kwao, mimi nilithibitisha tu.

Baada ya hapo tukirudi ndani hadithi inaingia yenyewe. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899, ukapanda Nakuru, Njoro, Molo, Londiani, ukateremka Fort Ternan, Koru, Muhoroni hadi ziwani Kisumu mwishoni mwa 1901. Wafanyakazi zaidi ya elfu 30 waliletwa kutoka India na karibu 2,500 walikufa njiani. Kisumu ikaitwa Port Florence kwa jina la mke wa injinia, Florence Preston. Sasa andika ubaoni sentensi hii: "Reli ilipofika, Kisumu ilikuwa Uganda." Kweli ama uongo? Wapige kura kwa mikono kabla hujasema lolote. Wengi watasema uongo, kumbe sentensi ni ya kweli, jimbo la mashariki la Uganda lilikuja hadi Naivasha, Nakuru ikiwa ndani, na lilihamishwa kuwekwa upande wa Kenya 1902 kwa uamuzi wa maafisa wa Uingereza. Hapo ndio unarudi Berlin, 1884 hadi 1885, kwa sababu sasa mtoto ana swali lake mwenyewe, nani aliwapa ruhusa ya kuchora mistari? Ukimwambia kwenye ile meza hakukuwa na Mwafrika hata mmoja atakuangalia na macho mengine kabisa.

Miaka huwa inawachanganya watoto kwa sababu kwao 1901 na enzi za Firauni zote ni "kitambo". Nunua kamba ya manila, funga kutoka kona moja hadi nyingine, nusu mita iwe miaka kumi. Ukuta wa karibu mita 7 unatosha kuanzia 1890 hadi leo. Kadi zikatwe kwa katoni za sabuni, zishikwe na vibanio vya nguo, na za kwanza kabisa zisiwe za reli wala za uhuru, ziwe za kwao: mwaka nilizaliwa, mwaka mama alizaliwa, mwaka dani alizaliwa (ama kogo, ama kukhu, kila mtoto aandike vile anamwita nyumbani). Ndio uanze kuongeza za kitabu. Kuna siku kadi ya nyanya wa mtoto mmoja ilikuwa 1949 na nilipoleta ya kifo cha Nabongo Mumia ikaangukia pale pale, 1949. Yule mtoto akazishika zote mbili pamoja, akasema kumbe huyu mfalme hakuwa wa zamani sana. Kamba ikae ukutani mwaka mzima, usiitoe ukimaliza mada.

Kodi ya nyumba nayo ukiifundisha kwa maneno tu inapita kama upepo, ikifanywa mchezo hawaisahau. Kusanya vifuniko vya soda viwe rupia, chora ng'ombe, mbuzi na debe za mtama kwa vipande vya karatasi. Gawa darasa liwe boma kama nane, boma zingine nyumba moja, zingine tatu kwa sababu mzee ana wake watatu, wape mifugo ya kutosha lakini rupia usiwape ama uwape moja tu. Wewe ni mtoza kodi, una askari wawili. Mzunguko wa kwanza dai rupia 2 kwa kila nyumba, mzunguko wa pili 3, na hiyo ya 3 ndio ilifika kweli miaka ya mwanzo ya 1900. Mifugo ukatae, sema serikali inataka pesa. Kona moja ya darasa weka mlowezi wa upande wa Njoro na vifuniko vingi, anayetaka rupia aende amfanyie kazi na akiwa huko hayuko kwake. Dakika kumi hivi utaona boma zimebaki na wanawake na watoto peke yao, na hapo simamisha mchezo uulize swali moja tu: nani hapa alilazimishwa kwa bunduki aende shambani? Hakuna. Sasa kwa nini mlienda? Hiyo maana ya kodi kama njia ya kutafuta wafanyakazi mimi nilikuwa nachukua lesoni mbili kuieleza na bado wanaikosa kwa mtihani.

Siku inayofuata leta kopo dogo na uzi, weka karatasi ndani, mvishe mtoto mmoja shingoni akae nalo lesoni nzima. Hicho ndio kipande, kitambulisho cha kazi cha wanaume Waafrika, sheria yake ilipitishwa 1915 ikaanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza, na wanaume walikifananisha na kengele ya mbuzi. Kutoka hapo unaingia Piny Owacho, yaani "nchi imesema", mkutano wa Lundha kule Gem, Desemba 1921, watu wakikataa kipande, kodi na kazi za lazima, na kati ya viongozi alikuwa Jonathan Okwiri, mwalimu kama sisi.

Lesoni ninayoipenda kushinda zote ni ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, na hii naomba uipangie siku mbili nzima. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliuawa walipokutana na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwenye mkutano uliosemekana ni wa amani. Afisa alisema alikuwa ametegewa mtego yeye, Wanandi wanasema kiongozi wao alikuja kusalimiana akapigwa risasi. Mimi naandika hayo maelezo mawili kwa karatasi mbili za manila, nazibandika kuta mbili tofauti, watoto wanatembea wakisoma na daftari mkononi. Wasiseme bado nani mkweli, wajibu kwanza: aliyesema haya alikuwepo? Anafaidika nini akiaminika? Kuna mtu mwingine anathibitisha? Wakishabishana vya kutosha leta habari mbili za ziada. Moja, huyu afisa baadaye alikuwa mtaalamu wa ndege wa mwituni na wachunguzi wakagundua alidanganya kuhusu ndege alizosema amekusanya, zingine alikuwa ameziiba kutoka makumbusho. Mbili, fimbo tatu za Koitalel zilirudishwa kutoka Uingereza 2006. Usiwape hukumu. Waandike aya moja, "mimi naamini hivi kwa sababu hii", na kwenye kusahihisha alama nyingi ziende kwa "kwa sababu".

Darasa langu lina Wajaluo, Wanandi, Wakipsigis na Waluhya, na lako pia pengine liko hivyo, kwa hivyo chunga ulimi sana ukifika mambo ya uvamizi na mipaka. Usiseme "Wanandi waliibia Wajaluo ng'ombe" mbele ya mtoto wa Kinandi wa miaka 13, atabeba hiyo kitu mpaka mapumziko na uwanjani itageuka jina la utani. Sema jamii zilivamiana ng'ombe na pia zilibadilishana nafaka na zilioana, ambayo ndio kweli yenyewe. Na mambo ya ghasia za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, usiyape kama kazi ya nyumbani ya kuhoji wazazi, Kisumu na Nakuru zote kuna nyumba zilipoteza watu na hujui mtoto anaenda kufungua kidonda gani jioni.

Mahojiano na wazee mengine yote fanya, lakini maswali lazima yawe madogo. "Zamani ilikuwaje" italeta jibu la "tulikuwa na heshima" na hapo imeisha. Uliza: ulienda shule na miguu umbali gani? Ulivaa nini? Pesa ya kwanza ulishika ulinunua nini? Tarehe 12 Desemba 1963 ulikuwa wapi na mlikula nini? Mtoto aamkie kwanza, aombe ruhusa, asirekodi kwa simu kama mzee hajakubali, na akimaliza amsomee alichoandika. Mzee aliyekumbuka tarehe tofauti na kitabu asikosolewe pale, mtoto aandike tu vile ameambiwa, darasani ndio tunalinganisha.

Safari kama kuna pesa ni nzuri, kama hakuna usijilaumu. Walimu wa Nakuru mko na Hyrax Hill karibu na mji kabisa, kuna mabao ya kuchezea yamechongwa kwa mwamba na watoto wanaojua ajua, yaani mchezo wa bao, wataelewa bila kuambiwa, na Gilgil kuna Kariandusi na mashoka yake ya mawe. Webuye kuna Chetambe, Wabukusu walipopigana na Waingereza 1895. Kisumu kuna makumbusho, Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la zamani la kuta za mawe, iliyoingia orodha ya UNESCO 2018. Tangulia wewe mwenyewe uende uone, na uwape watoto swali moja la kurudi na jibu lake, si kukimbia huku na huku wakipiga picha.

Mtihani nao upo na siudharau. Dakika tano za mwisho kati ya zile 40 naziacha za miaka na majina, naita mwaka wanaita tukio wakiangalia kamba, wiki ya pili wanafumba macho. Na badala ya "taja sababu tano" napenda kuuliza hivi: wewe ni mzee wa Gem 1921, andikia DC, mkuu wa wilaya, barua ukieleza kwa nini kipande kiondolewe. Sababu tano zitatoka zote na utajua nani ameelewa.

Hadithi za wazee zikishasahihishwa tunazibandika kwa daftari moja kubwa la darasa na linakaa kabatini. Gredi ya 7 ikiingia Januari nawapa lile la waliowatangulia wasome wiki ya kwanza, wanatafuta majina ya vijiji vyao, na siku hiyo hiyo utaskia mtoto anasema huyu ni jirani yetu, mwalimu, bado yuko, naeza kwenda kumuuliza tena?