Somo: Kumpokea mtumiaji mpya wa mashine ya presha inayoungana na simu

Somo hili ni la wanaotengeneza programu za simu zinazofanya kazi na vifaa vya afya vya nyumbani. Nimechagua mashine ya presha yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, inayotuma majibu kwenye simu kwa Bluetooth, maana mitego karibu yote ya kazi hii imo humo. Msimamo wangu ni kwamba mapokezi hayaishi akaunti ikifunguliwa. Yanaisha mtu akishapata kipimo cha kwanza kilicho sahihi na kuelewa kinasema nini.

Hatua ya 1: Jua nani ameshika simu

Mara nyingi anayenunua siye anayepima. Kijana yuko Dar es Salaam, mashine inakwenda kwa mama Singida, na simu itakayotumika ni ya mjukuu. Skrini ya kwanza iulize jambo moja tu: "Nani anapimwa?" Majibu ni mawili, "Mimi" na "Mtu mwingine", na maelekezo yote yanayofuata yabadilike kulingana na jibu hilo.

Hatua ya 2: Unganisha kwanza, usajili baadaye

Ukianza kwa kudai namba ya simu, nywila na ujumbe wa kuthibitisha, mtu atakwama kabla mashine haijatoka kwenye boksi. Bluetooth haihitaji bando. Kipimo kikae kwenye simu. Akaunti iombwe siku mtu anapotaka kumtumia daktari au mwanawe majibu.

Kabla dirisha la ruhusa la Android halijajitokeza, weka skrini yako mwenyewe: "Simu itakuuliza kama programu hii iruhusiwe kutafuta vifaa vilivyo karibu. Gusa Ruhusu ili iione mashine yako." Hili si pambo. Kuanzia Android 11, mtu akikataa mara mbili simu haimuulizi tena, na itabidi umwelekeze mpaka kwenye mipangilio.

Mashine isipoonekana au isipoungana, tafadhali usimwandikie mtu "Hitilafu 133". Waliowahi kuandika programu za Bluetooth kwenye Android wanaijua namba hiyo vizuri mno, lakini kwa mama haina maana yoyote. Muulize anachoweza kukikagua: betri zimo? Alama ya Bluetooth inawaka? Kuna simu nyingine imeshaungana na mashine hii?

Hatua ya 3: Kipimo cha kwanza

Hapa ndipo programu nyingi hutoa ukurasa mmoja wa picha na kitufe cha "Endelea". Mtu hupita bila kusoma, anapima akiwa ametoka kupanda ngazi, na namba inamtia hofu. Gawa maandalizi haya, kila skrini sentensi moja:

– Kahawa, sigara na mazoezi viwe vimepita nusu saa. Haja ndogo iwe imeshatoka.
– Kaa, egemea kiti, nyayo zikanyage sakafu, miguu isipishane.
– Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati, na mkono ulale mezani usawa wa moyo.
– Tulia dakika 5.

Mkanda unastahili neno la ziada. Ukiwa mdogo kuliko mkono, kipimo kinapanda bila presha kupanda. Mwombe mtumiaji azungushe mkanda na kutazama kama alama ya mshale inaangukia ndani ya mstari uliochorwa. Isipoangukia, mwambie apime baada ya kupata mkanda wa saizi yake. Ndiyo, utampoteza kwa siku kadhaa. Afadhali hivyo.

Mwambie mapema pia kwamba mkanda utabana sana kisha utalegea, maana wapo wanaoshtuka na kuuvua katikati.

Mashine ikishaanza kujaza upepo, simu inyamaze. Kuongea wakati wa kupima kunapandisha namba, kwa hiyo huu si wakati wa kuuliza tarehe ya kuzaliwa. Skrini ibaki na maneno mawili: "Tulia kimya." Baada ya dakika moja, pima tena.

Hatua ya 4: Jibu

Onyesha namba ya juu na ya chini kwa maandishi makubwa, bila king'ora na bila wekundu wa kutisha. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu kwa siku kadhaa ni jambo la kumpelekea daktari. Kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa. Ila ikifika 180/120, mtu apumzike kidogo arudie. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, aende hospitali mara moja, asisubiri kurudia. Maneno hayo yapitiwe na daktari kabla hayajaingia kwenye programu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, simu za watumiaji wetu wengi ni za zamani na zinaomba ruhusa ya mahali. Watu wanadhani tunawafuatilia.*

Wana haki ya kushuku. Kuanzia Android 6 hadi 11, kutafuta vifaa vya Bluetooth kulidai ruhusa ya mahali. Android 12 ndiyo iliyotenganisha ruhusa hizo mbili. Waandikie hivyo hivyo kwa maneno mepesi, kisha usichukue kweli taarifa za mahali.

*Vipimo vya baba vinakuja na tarehe ya miaka ya nyuma. Tatizo ni seva?*

Hapana dada, ni saa ya mashine. Betri zikitolewa, mashine nyingi husahau tarehe. Programu iiwekee saa kila inapoungana, na kipimo chenye tarehe isiyowezekana kiulizwe kwa mtumiaji kabla ya kuhifadhiwa.

*Nyumbani mashine ni moja, baba na mama wote wanapima. Nitawatenganishaje?*

Usitegemee kitufe cha kuchagua mtumiaji kilicho kwenye mashine, watasahau kukibonyeza. Kipimo kikifika uliza "Hiki ni cha nani?" na uweke chaguo la "Mgeni", kwa sababu jirani naye atataka kujaribu.

*Sanduku moja la "Nakubali" linatosha kisheria?*

Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mimi ningeomba ridhaa ya kuhifadhi peke yake, na ya kumshirikisha mtu mwingine peke yake, tena kutoka kwa anayepimwa. Mtoto aliyenunua mashine hana haki ya kumkubalia mama yake.