Mwalimu mpya kapangiwa kijijini kwenu? Mpokeeni hivi

Nawaandikia wazazi wenzangu wa vijijini na wajumbe wa kamati za shule. Kila siku tunasema ualimu ni wito, alafu mwenye wito anashuka kwenye basi na begi na godoro lake hakuna hata mtu anayejua atalala wapi.

Anzeni na nyumba, tena kabla hajaripoti. Mwenyekiti wa kijiji akae na mwalimu mkuu, kama nyumba ya shule haipo mtafute chumba kwa mtu anayeeleweka, mkague mlango unafunga, choo kipo, maji yanachotwa wapi, na kama ni binti asiwekwe karibu na kilabu cha pombe jamani.

Kwenye hela ndo wengi hatuelewi. Mtu akisikia kaajiriwa serikalini anadhani anazo, kumbe mpaka aingizwe kwenye mfumo wa mishahara apate cheki namba, yaani namba yake ya utumishi, mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa sana, na ile ya kujikimu ya halmashauri nayo ikachelewa vilevile. Hapo mwenye duka amfungulie ukurasa kwenye daftari la madeni, unga, mafuta ya kula, sabuni, akipokea atalipa. Mwenye mahindi ampelekee debe. Na deni lake lisiwe stori za kijiweni, maana akichekwa jioni, asubuhi watoto wanaingia nayo darasani na hapo hata akisema nyamazeni nani atanyamaza?

Majina ya dharau acheni kabisa. Miaka ya 70 walisemwa walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, miaka ya 2000 wakaja waliopikwa haraka wakaitwa Vodafasta, wakati madarasa yalikuwa yamefurika na walimu hakuna, na wengi wetu ndo hao waliotushika mkono kuandika a e i o u. Nyerere alikuwa rais na bado watu walimwita Mwalimu. Basi na huyu kijana mwiteni mwalimu, hata sokoni, hata kama ni mdogo kwako.

Mkitofautiana usimseme mbele ya mtoto. Nenda shuleni na daftari la mtoto, muulize taratibu, msipoelewana muone mwalimu mkuu, alafu kamati, alafu afisa elimu kata. Ila akimdhuru mtoto hapo hakuna cha foleni, nenda moja kwa moja polisi na ustawi wa jamii.